Askari 12 wa Borovo Selo: siku moja iliyoivusha Kroatia kutoka kwenye uhasama hadi vitani

Mzee wa Reli

Wakuu, salaam.

Juzi humu watu walikuwa wanabishana: askari polisi wakiuawa kwenye eneo lenye chuki za kikabila, serikali ifanyeje? Wengi waliandika "wapigwe tu, washike adabu". Nilitaka kujibu kulekule, nikaona maneno yatakuwa mengi. Mods naomba msiuunganishe huu uzi.

Nawapeleka Yugoslavia, mwaka 1991, kwenye kijiji kinachoitwa Borovo Selo kando ya mto Danube, pua na mdomo na mji wa Vukovar. Kama jina Borovo halikuambii kitu, bila shaka Bata unaijua, maana wengi wetu tumesoma shule kwa viatu vyake. Mwaka 1931 kampuni hiyo ilianza kujenga kiwanda na mji mzima wa wafanyakazi jirani na kijiji hicho. Wakroatia na Waserbia walishona viatu chini ya paa moja, wakaoana, wakazaa watoto ambao hata hawakuwa na haraka ya kujua wao ni nani. Hilo liwekeni akiba.

Mwaka 1990 Kroatia ikiwa bado jamhuri ndani ya Yugoslavia ilifanya uchaguzi wa vyama vingi, na chama cha HDZ cha Franjo Tuđman kikashinda. Waserbia walikuwa kama asilimia 12 ya watu wote. Katiba mpya ya Desemba ikawatoa kwenye hadhi ya wenye nyumba na kuwaweka kwenye kundi la walio wachache. Ng'ambo kule Belgrade, mji mkuu wa Serbia, televisheni ya rais wao Slobodan Milošević ikawa inawakumbusha kila jioni habari za Ustaša, watawala wa Kroatia wakati wa vita vikuu vya pili, waliowaua Waserbia kwa mamia ya maelfu. Habari zile zilikuwa za kweli, ndiyo maana ziliuma.

Kabla ya risasi kulikuwa na ugomvi wa kofia. Serikali mpya iliwataka polisi wavae kwenye kofia nembo ya miraba myekundu na myeupe, hiyohiyo mnayoiona kwenye jezi ya akina Modrić. Kwa Mkroatia hiyo ni nembo ya mababu. Kwa mzee wa Kiserbia, ni kitu alichokiona mara ya mwisho kwa mtu aliyekuja kumchukua baba yake. Katika mji wa Knin, inspekta wa polisi aitwaye Milan Martić na wenzake wakagoma kuivaa. Tarehe 17 Agosti 1990 Waserbia wa huko wakafunga barabara kwa magogo. Serikali ya Kroatia kule Zagreb ikatuma polisi kwa helikopta, ndege za jeshi la Yugoslavia zikazirudisha. Tangu siku ile nchi ilikuwa na polisi wa aina mbili, na kila mwananchi aliyesimamishwa barabarani alitazama kofia kwanza kabla ya kutoa kitambulisho.

Damu ya kwanza: Pasaka, 31 Machi 1991, kwenye maziwa ya Plitvice. Askari polisi wa Kroatia, Josip Jović, kijana wa miaka 21, akauawa. Upande wa Waserbia naye akafa mmoja. Jeshi la Yugoslavia likaingia katikati, watu wakashusha pumzi.

Ngoja ninywe chai, narudi.

Kipanga Mweusi

Naweka kambi hapa. Ila usije ukapotea kama kwenye ule uzi wako wa Biafra, mpaka leo tunasubiri sehemu ya pili.

Sauti ya Kobe

Mkuu umemruka Boban, yule mchezaji wa Dinamo! Hivi vita vilianzia uwanjani. Dinamo Zagreb ya Wakroatia na Red Star ya Waserbia, mashabiki wanang'oa viti, polisi wanapiga virungu, Boban akamrukia polisi teke. Ile picha kila Mkroatia anayo.

Mzee wa Reli

Sikumruka, nilikuwa namwekea akiba. Ilikuwa 13 Mei 1990, na mechi haikuchezwa. Wakroatia walimwona Boban kampiga teke polisi wa Kiserbia. Sasa, yule askari hakuwa Mserbia, alikuwa Mwislamu wa Bosnia. Lakini nani aliuliza? Ndicho ninachotaka mkione: ikifika mahali sare ndiyo inamsemea mtu kabila lake, huyo askari ameshavuliwa kazi yake kabla hajavuliwa uhai.

Haya, Borovo Selo.

Aprili 1991 wanakijiji wa Kiserbia walishaweka vizuizi, na wapiganaji wa kujitolea kutoka Serbia, wafuasi wa mwanasiasa mkali wa Kiserbia Vojislav Šešelj, walishaingia. Mkuu wa polisi wa eneo lile, mwenye ofisi mjini Osijek, alikuwa Josip Reihl-Kir. Lishikeni hilo jina. Huyu bwana alikuwa anakwenda kwenye vizuizi mwenyewe kuongea. Leo anaongea na Waserbia waondoe gogo, kesho anaongea na Wakroatia wa kijiji cha pili nao waondoe lao.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei, baada ya sikukuu ya wafanyakazi, askari polisi wanne wa Kroatia wakaingia kijijini na magari mawili. Shida yao? Kushusha bendera ya Yugoslavia na kupandisha ya Kroatia. Wakapigwa risasi. Wawili wakatoroka, wawili wakajeruhiwa na kukamatwa.

Kulipokucha Reihl-Kir akajaribu tena dawa yake ya mazungumzo, safari hii haikufanya kazi. Askari wengine wakatumwa kwa mabasi kwenda kuwachukua wenzao. Jamani, mabasi! Yale ya kubebea abiria, ndani ya kijiji ambacho kila dirisha lina bunduki. Waliwaacha waingie mpaka katikati, kisha wakawafyatulia. Askari 12 walikufa hapo, wengine zaidi ya 20 wakajeruhiwa. Jeshi likaja tena kusimama katikati, ila mara hii maiti zilikuwa zimeshalala chini.

DadaMkubwa

Hao wanne nani aliwatuma? Usiku, tena kwenye kijiji kilichofungwa, eti kubadili bendera? Mwanangu akifanya upuuzi huo nitamlilia, ila kwanza nitamtukana.

Mzee wa Reli

Dada, hawakuwa na kibali cha wakubwa wao. Na hapo ndipo panaponinyima usingizi. Watu 12 wamekufa kwa sababu ya kitambaa ambacho hakuna aliyeagiza kibadilishwe.

Mchele wa Kyela

Naona umeegemea upande mmoja. Hao Waserbia walikuwa kwao, polisi wenye silaha wanakuja usiku, ulitaka wawapikie ugali?

Mzee wa Reli

Swali halali, na ngoja nikuongezee hoja. Katikati ya Aprili, wiki mbili hivi kabla ya mauaji, kikundi cha Wakroatia wenye msimamo mkali kilisogea usiku pembeni mwa kijiji na kurusha makombora matatu ya kubeba begani. Hayakuua mtu. Moja halikulipuka, na televisheni ya Serbia ikalionyesha: mnaona wanachotuandalia? Kwa hiyo wanakijiji waliolala na bunduki mlangoni hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na sababu, na aliyewapa hiyo sababu hakuwamo ndani ya yale mabasi.

Ila kujilinda na kuwaacha watu waingie katikati ya mtego ni mambo mawili. Sina la kuongeza hapo.

Naendelea. Picha za maiti zikatolewa. Maiti zilikuwa zimeharibiwa vibaya, sitaeleza. Sasa hapa ndipo niwajibu watu wa ule uzi wa juzi, maana kuna kitu hawakiweki kwenye hesabu. Askari mmoja akiuawa na jambazi, familia inalia na jeshi la polisi linamtafuta muuaji. Askari 12 wa kabila moja wakiuawa kwenye kijiji cha kabila lingine, nchi nzima inapata mhanga mmoja na mtuhumiwa mmoja, na mtuhumiwa ni kila mwenye jina la aina ile. Siku ileile ya tarehe 2 Mei, mjini Zadar, mbali kabisa pwani, ambako askari mwingine wa Kroatia aliuawa karibu na hapo siku hiyo, watu walivunja maduka ya Waserbia. Mwenye duka la Zadar na wauaji wapi na wapi? Tarehe 6 Mei Split ikaandamana kupinga jeshi la Yugoslavia, na askari mmoja wa jeshi hilo, kijana kutoka Makedonia, akauawa.

Tarehe 19 Mei ikapigwa kura ya maoni ya uhuru. Waliojitokeza asilimia 83, waliosema ndiyo asilimia 93. Labda wangeshinda hata bila Borovo Selo, kura ilikuwa imeshapangwa. Lakini jaribu kuwa Mkroatia unayetaka kusema "tuongee kwanza" wiki mbili baada ya picha zile. Utaanzia wapi?

Mmoja aliendelea kusema hivyo, Reihl-Kir. Vijana wa polisi walikuwa wameshazikwa, na bado alikuwa anakwenda kwenye vizuizi. Tarehe 1 Julai 1991 alikuwa njiani kwenda Tenja, nje ya Osijek, na wenzake. Kwenye kizuizi, mtu akalimiminia gari lao risasi. Reihl-Kir akafa, na wawili aliokuwa nao wakafa. Aliyefyatua alikuwa askari wa akiba wa Kroatia. Wa upande wake, jamani. Alikimbilia ughaibuni na ikapita miaka mingi: hukumu ya miaka 20 jela ilitoka 2008.

Hao 12 waliuawa na adui na wanakumbukwa waziwazi. Huyu aliuawa na wa kwake, na kwa miaka mingi ilikuwa aibu kumtaja.

Mwisho wa Agosti Vukovar ikazingirwa. Siku 87 mji unapigwa mizinga, mpaka 18 Novemba. Baada ya kuanguka, watu zaidi ya 200 walitolewa hospitalini wakapelekwa shamba la Ovčara, wakauawa. Vita vizima vya Kroatia viliondoka na watu kama 20,000. Martić, yule aliyegomea kofia, The Hague ilimpa miaka 35.

Kipanga Mweusi

Nimesoma yote kwenye daladala, nimepitilizwa kituo.

Mlikoni Halisi

Ndugu zangu wa Bara, nimesoma kimya kimya, sasa niruhusuni.

Mimi mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Tarehe 13 Agosti 1997 nilikuwa darasa la nne. Usiku ule walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari sita, wakachukua bunduki zaidi ya 40, wakafungua mahabusu. Kisha wakaingia mitaani kutafuta watu wa bara: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Vibanda vikatiwa moto. Kabla ya hapo kulikuwa na karatasi zinazosambazwa, kwamba wabara wafunge virago. Jirani yetu muuza samaki, mama wa Kiluo aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alikwenda kujistiri kanisani Likoni na wanawe, maelfu walijazana pale. Mamangu alimpelekea wali kwenye sufuria akajifanya aenda sokoni. Yule mama hakurudi tena mtaani petu.

Waliokufa ni zaidi ya mia, waliohama kama laki moja. Sisi twaviita vita vya Kaya Bombo, kwa jina la ule msitu wa Kwale walikojificha.

Sasa swali langu kwako Mzee wa Reli. Polisi waliuawa, bunduki ziliibwa, kabila lilikuwamo, dhiki ya ardhi ya Wapwani ilikuwapo tena ya kweli. Mbona haikuwa Yugoslavia?

Mzee wa Reli

Kaka, pole. Na huo wali nimeuelewa.

Jibu langu: Kaya Bombo hawakuwa na Belgrade. Ilikuwa miezi minne kabla ya uchaguzi wa Desemba 1997, na wapigakura wa bara pale Mombasa walihesabika kuwa wa upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza baadaye na kuona mkono wa wanasiasa katika machafuko yale ya kikabila. Wale vijana walitumika, wakaachwa msituni. Lakini hakukuwa na jeshi la pili nchini la kuwapokea, wala taifa jirani la kuwapa vifaru na kuwaambia "endeleeni". Borovo Selo, ukivuka Danube tu umeingia Serbia. Kizuizi kilipowekwa kijijini, nyuma yake kulikuwa na nchi.

Mlikoni Halisi

Hapo nakubali. Ila usiseme kwamba hatukuwa na vita. Muulize yule mama.

Mzee wa Reli

Nimekosea, naomba radhi.

Njia Panda ya Kibiti

Na sisi wa Kibiti? Aprili 2017, pale Jaribu, askari wanane waliokuwa kwenye gari moja wakauawa. Na kabla na baada yake viongozi wa vijiji wakawa wanauawa mmoja mmoja. Wengine tulikuwa tunalala saa kumi na mbili jioni. Hatukuona Wandengereko wakilaumiwa kama kabila, wala Wazaramo.

DadaMkubwa

Kwa sababu hakuna aliyetazama orodha ya wale marehemu wanane akahesabu makabila. Mimi nakumbuka tulilia majina tu.

Mzee wa Reli

Dada umenimalizia kazi, hapo sigusi.

Nimjibu na yule wa "wapigwe tu", maana naona ameshaingia humu anasoma bila kuchangia. Kosovo, wakati huo jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi, Februari 1998. Wapiganaji wa Kialbania, UÇK, walikuwa bado kikundi kidogo, Waalbania wengi walikuwa bado wanamfuata Ibrahim Rugova na siasa yake ya kutoshika bunduki. Tarehe 28 Februari polisi wanne wa Serbia wakauawa karibu na Likošane. Serikali ikawapiga kwelikweli: siku ileile helikopta na magari ya deraya kwenye vijiji viwili, watu zaidi ya 20 wamekufa. Wiki iliyofuata wakaenda Prekaz kwenye boma la akina Jashari, wakaua zaidi ya 50, wakiwamo wanawake na watoto. Baada ya hapo UÇK hawakuhitaji tena kuhubiri, vijana walikuja wenyewe kwa makundi kutafuta bunduki. Mwaka mmoja baadaye, 24 Machi 1999, NATO ilikuwa inaipiga Serbia mabomu.

Anayeua askari mara nyingi analijua hilo kuliko wanaomtafuta. Hiyo risasi anaipiga ili wewe ujibu kwa kijiji kizima.

Mchele wa Kyela

Kwa hiyo serikali ikae tu, ipeleke maua?

Mzee wa Reli

Mtafute aliyeua. Kwa jina lake, na nyumba yake. Hilo ni gumu na linachukua muda, na waziri anataka kuonekana kwenye taarifa ya habari leo saa mbili usiku. Ndiyo shida yenyewe.

Fundi wa Wien

Salaam kutoka Austria. Mimi nafunga vyuma vya ghorofa hapa Wien, na kwenye saiti yetu nusu ya watu ni wa kutoka huko unakokusema. Mserbia mmoja na Mkroatia mmoja wanapakia gari moja kila asubuhi, wanavutiana sigara, wanaongea lugha yao ambayo kila mmoja anaipa jina lake. Mwaka 1991 hautajwi. Siku moja, mimi na kimbelembele changu, nikauliza mapumziko: nyie Vukovar mnaijua? Mkroatia akatazama simu. Mserbia akasema "kula, chakula kinapoa". Nilikula.

Swali: sasa hivi polisi wa huko wakoje? Ni wa kabila moja?

Mzee wa Reli

Fundi, karibu. Vukovar haikurudishwa kwa bunduki. Mkataba wa Erdut wa Novemba 1995 uliiweka chini ya Umoja wa Mataifa kwa miaka miwili, mpaka 15 Januari 1998. Kati ya mambo ya kwanza waliyounda ni kikosi cha polisi cha mpito, Wakroatia na Waserbia ndani ya gari moja la doria. Inasemwa kirahisi, ila wafikirie wale wawili usiku wa kwanza, redio imezimwa, barabara ya Borovo Selo mbele yao.

Mwaka 2013 serikali iliweka vibao vya lugha mbili kwenye majengo yake pale Vukovar, kwa herufi za Kilatini na za Kikirili wanazotumia Waserbia. Maveterani wa Kikroatia wakaja na nyundo wakavivunja. Polisi ndio waliokuwa wamewekwa kuvilinda.

Sauti ya Kobe

Kwa hiyo bado ni kofia.

Mlikoni Halisi

Mzee wa Reli, ile Biafra sehemu ya pili lini?